Kitasa ni Nyongeza

Tarehe 3 Februari

Wewe Kishindo,

Nani alikufundisha kumkaribisha mtu nyumbani halafu ukamfungia mlango usoni? Si mimi. Mimi nilikufundisha kufagia mpaka kwenye kona, kuosha sufuria na nje yake pia, na kutobamiza milango, ingawa hilo la mwisho halikuingia na ndiyo maana ukaitwa hivyo unavyoitwa. Sasa umekwenda huko mbali, umepewa meza na kompyuta, na kazi unaiacha nusu. Nimeona haya mbele za watu. Marahaba, kama ulikuwa unataka kuniamkia.

Sisi hatujambo. Shangazi yako ameng'olewa jino, sasa anaongea kama mtu mwenye jiwe mdomoni, lakini maneno hayajapungua. Muuguzi wa chumba cha katikati amehamishiwa zamu ya mchana, siku hizi anaonekana kama binadamu. Kinyozi wa chumba cha barabarani amebandika tangazo jipya lenye picha ya kijana aliyenyolewa vizuri, na aliyemnyoa si yeye. Mimi mzima. Kiti ninachokalia kinacheza kama kawaida, nimekiwekea kipande cha boksi chini ya mguu. Kiti changu cha maana, kile cha mikono, unajua kilikoishia. Nilimpa babu yako akirekebishe, ikawa "kesho asubuhi, mwenzangu," "kesho asubuhi, mwenzangu," mpaka akaondoka na kesho yake. Basi nakalia hiki. Sisemi zaidi, nisije nikaambiwa namsema marehemu.

Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu hushikiki. Mara mtandao, mara uko kikaoni. Karatasi haina kikao.

Sasa sikiliza. Ile mashine ya gemu uliyotuma, yenye mchezo mlioutengeneza huko kazini, shangazi yako ameichomeka kwenye televisheni. Nikashika kile kidude chenye vitufe. Mwanzoni nilimgongesha yule mtu wa kwenye gemu ukutani mpaka nikamwonea huruma. Halafu akatoka uani, nami nikasogeza kiti karibu na kioo. Bomba letu linalovuja, lipo. Kamba ya kuanikia nguo kutoka dirisha la Muuguzi mpaka kwenye msumari wa jikoni, ipo. Ndoo yangu ya kijani yenye mkono wa waya, ipo. Mke mwenzangu, nilivimba kichwa. Nikawaita wapangaji wote waje waone nyumba yao ndani ya televisheni. Muuguzi alikuja na sare, Kinyozi alimwacha mteja na sabuni kidevuni.

Tukatembea nyumba nzima, wao wakishangaa na mimi nikieleza. Tukafika kwenye chumba cha zana cha babu yako, mlango ule ule wa bluu uliochubuka chini. Nikabonyeza. Likatokea likufuli kubwa na maandishi, shangazi yako akayasoma kwa sauti na pengo lake: "Sehemu hii itapatikana baadaye."

Kinyozi akacheka. "Mama mwenye nyumba, mjukuu wako hajamaliza kujenga."

Nikamwambia, "Na wewe kuna kichwa hapo nje hujamaliza kukinyoa." Akatoka mbio. Lakini neno lilikuwa limeshaniingia.

Usiniulize kwa nini nilikwenda kwenye mlango huo wakati wa kwangu sijaufungua tangu mazishi. Nilikuwa napita. Mtu hupita.

Maliza kazi yako.

Bibi yako

---

Tarehe 21 Februari

Bibi yangu, mke mwenzangu mkubwa,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine ya akiba, nikijua barua hii haitakufurahisha.

Mimi sijambo. Lifti ya jengo letu imekufa, kwa hiyo napanda ngazi na miguu imekuwa migumu kama ya fundi mwashi. Jirani wa juu anajifunza tarumbeta. Anajua wimbo mmoja, na huo mmoja haujui vizuri. Mpe pole Shangazi. Mwambie Kinyozi ile sabuni kidevuni nimeicheka ofisini mpaka nikaulizwa nina nini.

Bibi, si kwamba sikumaliza. Chumba cha zana kipo. Nilikitengeneza mimi mwenyewe, cha kwanza kabla ya bomba, kabla ya ndoo. Kila msumari ukutani nimeupanga kama alivyoupanga Babu. Kimekamilika na kimo ndani ya mashine yako hiyo hiyo, hapo sebuleni. Kimefungwa tu.

Kimefungwa kwa sababu huku kazini kuna utaratibu. Mchezo ukishakwisha, Meneja wangu na wakubwa wengine wanakaa na kuangalia ni vipande gani watu watavipenda zaidi, halafu hivyo vinawekwa kando na kuuzwa peke yake baadaye. Tunaviita nyongeza. Chumba cha zana kimepangwa kuwa nyongeza. Siku yenyewe ya kukiuza haijatajwa, na mimi siruhusiwi kutoa kitu ofisini kumpa ndugu, hata akiwa ndugu anayeandika barua kama wewe.

Jambo moja nitakuambia, mengine usiniulize. Ndani ya chumba kile niliweka kitu kwa ajili yako. Si kwa ajili ya wanunuzi, kwa ajili yako. Nyumba nzima niliijenga ili ufike hapo. Nilitaka ukione wewe mwenyewe, bila mtu kukuambia. Kwa hiyo sikuambii.

Kiti kinachocheza, ongeza boksi.

Mjukuu wako,
Kishindo

---

Tarehe 12 Machi

Kishindo, mtoto mchoyo wewe,

Una biashara nzuri namna hiyo na umekaa nayo kimya miaka yote? Ndugu zako huku tunahangaika, wewe unajua siri ya utajiri na unaniandikia habari za tarumbeta!

Kwanza salamu. Shangazi yako anakusalimia, pengo limezoeleka, sasa anapigia mluzi. Baba yako alituma ujumbe kwamba ni mzima, maneno mawili, kama anayelipia kila herufi. Mvua imenyesha siku zisizo na maana. Mimi mzima, kiti kinacheza.

Nilisoma barua yako mara ya kwanza nikakasirika. Nikaisoma tena nikaona mwanga. Kumbe mtu anauza kitu, anabakiza kipande, halafu anauza kipande! Na mnunuzi anashukuru! Mimi nimepangisha vyumba maisha yangu yote, nikitoa chumba pamoja na kila kitu chake kama mjinga. Basi nimeanza.

Ile kamba ya nguo nimeikunja, nimeitundika kwenye msumari wa jikoni. Anayeitaka aniombe, tuelewane. Muuguzi akatoka na beseni la sare zake, akatazama juu, akatazama chini.

"Mama, kamba imekatika?"

"Haijakatika. Umelipia chumba. Jua ni la Mungu. Kamba ni yangu."

Akarudi ndani na beseni lake.

Mpangaji mpya naye amekuja, Dereva wa lori, mtu mkubwa mpole. Nimempa kile chumba cha mwisho. Usiku wa kwanza akabisha hodi. "Mama, mlango wangu haufungi."

"Unafunga vizuri sana. Kitasa ni nyongeza."

"Sasa nitalalaje?"

"Kuna meza humo ndani. Iegemeze."

Akaenda kuiegemeza. Nikamsikia anaisukuma, nikajiambia, naam, hii ndiyo elimu ya mjukuu wangu. Shangazi yako ananitazama kama nimepandwa na homa. Nilimwambia ndivyo wafanyavyo kwenye maofisi yenye lifti. Akasema lifti ya Kishindo imekufa. Nikamwambia haijakufa, lifti ni nyongeza.

Mwambie Meneja wako nampongeza. Mwambie ana akili.

Tena, hicho kitu ulichoniwekea nyuma ya mlango, sitaki kujua. Ila ukitaka kuniambia kama ni kikubwa au kidogo, sema tu, sitakuziba mdomo. Kumlipa mtu anifungulie chumba changu mwenyewe, hiyo sahau. Mlango ule nimeupaka rangi kwa mkono wangu kabla baba yako hajaota meno.

Bibi yako, mfanyabiashara

---

Tarehe 2 Aprili

Bibi,

Shikamoo, na tafadhali mrudishie Dereva kitasa chake leo kabla hujaendelea kusoma.

Mimi mzima. Tarumbeta imepata wimbo wa pili, tunaulilia ule wa kwanza.

Nilipoisoma barua yako nilicheka mpaka machozi, halafu nilipofika kwenye "hii ndiyo elimu ya mjukuu wangu" kicheko kikakwama. Bibi, sikukufundisha biashara. Nilikuwa najitetea. Niliandika neno "utaratibu" ili ubaya usionekane, na wewe ukauona uzuri. Sikutegemea kabisa.

Huku mambo si mazuri. Wanunuzi wamegundua. Kuna watu hodari wa kuchungulia ndani ya mchezo, wamechungulia, wamekiona chumba cha zana kimekaa humo kizima, taa imewaka, mlango umefungwa. Wanatuandikia maneno ambayo wewe tu unaweza kuyatamka bila kuona aibu. Meneja anasema watapoa. Anasema watu hulalamika, halafu hununua. Na kabla hata hawajapoa, wakubwa wamependa, wanataka mchezo ujao nao uwe na milango. Watakaa kikao juu ya hilo mwezi Juni. Nimeambiwa nichague vyumba vya kufunga, "kwa sababu wewe unajua watu watapenda nini."

Kitu chenyewe si kikubwa wala si kidogo. Ni saizi yako.

Nisalimie wote, hasa yule mwenye meza mlangoni.

Kishindo

---

Tarehe 28 Aprili

Kishindo,

Unamwandikia bibi yako "tafadhali," kama umeona moto unakuja si ungepiga kelele? Barua yako imenifikia nyumba imeshawaka.

Salamu baadaye. Hapana, salamu sasa, nisije nikaambiwa sina adabu. Wote wazima. Wote wazima kupita kiasi, ngoja nikueleze.

Alianza Muuguzi. Unajua kila Jumamosi alikuwa ananipima presha pale barazani, nanyoosha mkono, anapuliza kile kipira, ananiambia "Mama, punguza hasira," nami namwambia apunguze yeye. Jumamosi ikafika nikanyoosha mkono. Akapita. Nikamwita. Akageuka na tabasamu la hospitali.

"Mama, kodi nimelipa. Presha ni nyongeza."

Ikapanda hapo hapo, na hapakuwa na wa kuipima.

Kinyozi akafuata. Radio yake inapita ukutani, nami habari zote za dunia nazipata kwa ukuta huo. Basi akaanza hivi: taarifa inasomwa, sauti ya juu, vizuri kabisa, mtu ameiba, amekimbizwa, amezungukwa, anasogea ukingoni mwa daraja, na hapo hapo Kinyozi anaizima. Nikagonga ukuta kwa mwiko. "Amekamatwa?"

"Mama mwenye nyumba, mwanzo ni bure!"

Mpaka leo sijui kama yule mwizi aliruka.

Dereva, yule mpole, naye akanipata. Mtungi wa gesi ulipokwisha nilimwita anibebee kama anavyonibebea mizigo tangu ahamie. Akaubeba kutoka dukani, mtu ana nguvu yule, akaufikisha getini, akautua. Nikamwambia jikoni ni kule. Akasema kwa upole ule ule, "Mpaka getini ndiyo chumba, Mama. Kutoka hapa ni kitasa." Akaenda zake kuegemeza meza.

Na mwanangu wa kumzaa! Asubuhi nimeletewa chai, nimepiga fundo, haina sukari. Sukari iko pale pale mezani, kopo limefungwa kwa utepe, na shangazi yako amekaa karibu yake anapiga mluzi kwa pengo.

Chai nikaiacha. Nilikaa kwenye kiti hiki kinachocheza nikautazama ua. Nguo za Muuguzi zilikuwa juu ya viti, juu ya dirisha, juu ya bomba, zinanuka unyevu. Na kamba ipo, Kishindo. Imetundikwa pale kwenye msumari, kavu, haina kazi, kila mtu anaiona. Hilo ndilo lililoniuma. Kama kamba ingekuwa haipo, nikaenda nikanunua mpya, nikawaambia jamani tuchange, wangechanga na asante juu. Lakini ipo, na siku walipohamia walihamia nyumba yenye kamba. Mimi nimeiondoa ili niwauzie walichokwisha kuwa nacho. Hakuna akili hapo. Mwambie Meneja wako nimeirudisha ile pongezi.

Jioni nikaifunga kamba mahali pake. Nikamtengenezea Dereva kitasa, kipya, kile cha zamani kilikuwa kibovu. Sikuomba radhi, nisisingiziwe. Nilisema tu kwa sauti nikiwa uani, "Naona upepo leo ni mzuri kwa nguo." Muuguzi akatoka na beseni. Jumamosi akapita na kipira chake bila kuitwa. "Mama, punguza hasira." Nikamwambia apunguze yeye.

Sasa nakuuliza swali moja, na jibu nalitaka mstari wa kwanza, kabla ya shikamoo na kabla ya tarumbeta. Barua zako zote umesema "kimefungwa," "kimepangwa," "kimewekwa." Kufuli halijifungi. Ni nani aliyelifunga kwenye mlango wa mume wangu?

Bibi yako

---

Tarehe 19 Mei

Mimi.

Shikamoo, Bibi.

Ni mimi. Meneja alisema chumba hiki kiwekwe kando, akaniuliza kama nina neno. Nikasema sina. Nikarudi mezani kwangu nikalifunga kufuli mwenyewe, na lile likufuli unaloliona nimelichora mimi, hata kivuli chake. Kukijenga chumba kulinichukua msimu mzima. Kukifunga, hata chai yangu haikupoa.

Niliogopa. Wapo wengi nje ya jengo lile wanaoitaka meza yangu, na Meneja huwa hatufichi hilo. Nikajiambia chumba ni picha tu, Bibi hatajua. Halafu ukajua siku ya kwanza, mbele ya Kinyozi.

Wiki ya pili ya Juni wanakaa kupanga milango ya mchezo ujao. Nitakuwemo. Kila usiku najipanga kusema, nikifika ofisini ulimi unakuwa mzito. Nitasema baadaye, najiambia. Nitasema wakishatulia.

Sasa hili jingine. Nimelibeba tangu mazishi, nalo ni zito kuliko kufuli.

Ile likizo ya mwisho, kabla Babu hajaugua, nilikuwa nashinda naye chumba cha zana. Kuna kitu alinionyesha humo. Akasema, "Mchumba, usimwambie bibi yako. Nataka akione mwenyewe, nimtazame uso." Nikaahidi. Kisha akalazwa ghafla, na hakurudi. Siku tuliyotoka kumzika ulifunga mlango ule bila kutazama ndani, ukaweka ufunguo kifuani, na kwa uso uliokuwa nao hakuna aliyethubutu kukwambia neno. Mimi nikaondoka nalo mdomoni. Ndiyo maana nikajenga nyumba nzima kwenye televisheni, ili uingie kwa mlango mwingine ukione bila mimi kuvunja ahadi. Na mlango huo nao nikaufunga.

Niliahidi kutokuambia. Sikuahidi kutokutuma. Basi nakutuma, mke mwenzangu, kama ulivyokuwa unanituma mimi dukani. Usingoje wakubwa wangu. Toa ufunguo kifuani, ukafungue chumba cha zana. Kile cha kweli.

Kishindo

---

Tarehe 9 Juni

Kishindo, mwizi wa siri za watu,

Mume ni wangu, ndoa ni yangu, mapishi na mafua yake nimeyabeba mimi, halafu siri anaenda kumwambia mke mdogo! Na mke mdogo anakaa nayo kimya kama benki! Ningekuwa na mkono mrefu ungekuwa umeshashika sikio lako.

Hatujambo. Leo habari za wengine hazina nafasi.

Barua yako niliiweka chini ya godoro. Nikaitoa. Nikairudisha. Nikawaambia watu nina mafua. Mwisho nikaenda mlangoni asubuhi moja, nyumba ikiwa imetulia, nikiwa na ufunguo wangu, na kufuli likakataa. Limeshika kutu. Nikalivuta, nikalitukana, nikalipiga kwa kandambili. Kinyozi akatokea na lile kopo lake la mafuta ya mashine za kunyolea. Akatia tone, akangoja, akatia jingine. Nikamtazama nikingoja aseme mafuta ni nyongeza. Hakusema. Likafunguka, akageuka, akaenda zake bila kuchungulia. Sikujua kama ana adabu namna ile.

Ndani kuna vumbi jingi sana. Shangazi yako atakuandikia kwamba nilitoka macho mekundu. Ni vumbi.

Misumari yake ukutani iko kama ulivyoandika, mikubwa kulia, midogo kushoto. Koti lake la kazi liko kwenye ndoano, mfukoni mna penseli. Na katikati ya chumba, kimefunikwa kwa shuka langu la zamani ambalo nililitafuta nikamsingizia mpangaji, kiti changu cha mikono.

Kimekamilika.

Mguu ni mpya, mbao yake nyeupe kidogo kuliko ile mingine. Sehemu ya mikono ameipiga msasa mpaka inateleza kama sabuni. Nikakaa. Kishindo, miguu yangu ikafika chini. Kiti kile tangu tukinunue miguu yangu ilikuwa inaning'inia kama ya mtoto, na sikuwahi kumwambia mtu, ningemwambiaje, mimi? Alikuwa ameona. Amekata miguu yote minne kwa kipimo changu, akakaa kimya, na kila nilipomfokea anasema "kesho asubuhi, mwenzangu," kumbe anakificha ili anitazame uso. Nami nimekalia kiti kinachocheza muda wote huu, nikimsema kwa kila anayekuja, wakati changu kilikuwa kimekwisha, kizima, hatua chache kutoka jikoni, na mwenye ufunguo ni mimi.

Hapo sisemi zaidi.

Nimekaa juu yake ninapoandika. Shangazi yako ameomba ajaribu kukaa. Nimemwambia atajaribu nikishakufa.

Sasa wewe. Barua hii shangazi yako anaituma kwa mtu anayesafiri kuja huko ili ikuwahi kabla ya hicho kikao chenu, kwa hiyo usiniambie ilichelewa. Meneja wako sitamtukana, ni mtoto wa mwenzangu. Mwambie hivi. Kama anataka kuuza kofia, auze kofia. Watu wa kwenye gemu wavae kofia nyekundu, wavae mbili mbili, hiyo ni biashara na Mungu aibariki. Kama mnataka kujenga nyumba nyingine kesho mkaiuze, jengeni, tutaitazama, tukiipenda tutanunua. Lakini chumba kilichokwisha, kilichomo ndani ya nyumba ambayo mtu ameshainunua, hicho hakifungwi. Ukikifunga, hujui umemfungia nani nini. Kwako ni nyongeza. Kwa mwenzako ni kiti chake.

Akicheka, msomee barua ya kamba. Msomee na ya mwizi wa darajani, umwache hapo hapo pa daraja. Aone utamu wake.

Akikufukuza, rudi. Chumba cha zana nimekifagia mpaka kwenye kona. Misumari haiguswi, ila kitanda kinaingia. Taa ipo, kitasa kipo, kamba ya nguo utaitumia kama wengine. Jua ni la Mungu na mengine yote yamo. Njaa hutakufa, Kinyozi anatafuta mtu wa kumchorea tangazo lenye kichwa alichonyoa yeye mwenyewe.

Na asipokufukuza, bado nataka kuingia kwenye ile televisheni. Kiti ninacho, lakini kama ulivyopanga misumari ile, najua hukumwacha yule mzee nje. Nataka kumwona. Nina maneno naye.

Haya, inuka. Barua ikunje, mfukoni. Muage yule wa tarumbeta, funga dirisha, ushuke ngazi zako, ingia kwa huyo Meneja bila kungoja akuulize kama una neno. Unalo. Lifungue lile kufuli kwa mkono ule ule uliolifunga. Usiniambie baadaye, usiniambie kesho asubuhi. Leo. Na ukitoka humo, mlango wake nimekuruhusu: ubamize.

Bibi yako